Hamira yenye sugu: Kwa nini wataalamu huitia usugu wa dawa kwa makusudi

Neno sugu lina sura mbili kwetu. Kuna sugu ya kiganja cha mvuta makasia, ile ngozi ngumu inayokwambia bila ya kuuliza kwamba huyu ni mtu wa bahari. Na kuna usugu wa mambo yasiyosikia dawa: malaria sugu, kifua sugu, kidonda sugu. Sugu ya kwanza ni alama. Ya pili ni balaa. Leo nataka kuzungumzia mahali ambapo sura hizi mbili zimekutana, nako ni ndani ya hamira, kiumbe ambacho kila nyumba ya Pwani yakijua kwa mahamri na mkate wa mofa.

Jambo hili lilianzia barazani kwetu. Mpwa wangu asomea baiolojia chuo kikuu, na alipokuja likizo akatusimulia kwamba kwenye mazoezi ya maabara wametia jeni ya usugu wa dawa ndani ya hamira. Mamangu akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu, mwataka kutumaliza? Kila siku twaambiwa dawa za hospitali hazifanyi kazi tena, nanyi mwaenda kutia usugu kwa mikono yenu?"

"La, bibi, si hivyo," kijana akajibu. Lakini kueleza kulimshinda.

Swali la mama ni swali la haki. Mimi si mtu wa maabara, ila nimelisoma jambo hili kwa wiki kadhaa, na kijana amenisaidia kila nilipokwama. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ukitaka kujua kazi ya kamba, ifungue

Hamira tunayoinunua kwa pakiti ni viumbe hai vilivyokaushwa. Gramu moja ina mabilioni ya viumbe hivyo, na kila kimoja ni seli moja tu. Ni jamii ya kuvu, ndugu za uyoga. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae.

Mwaka 1996 wanasayansi wa Ulaya, Marekani, Canada na Japan walimaliza kusoma maandishi yote ya urithi wa hamira. Walikuta herufi karibu milioni 12, zimepangwa kwenye kromosomu 16, na ndani yake mna jeni karibu 6,000. Hamira ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye seli za mtindo wetu, yaani seli yenye kiini, kusomwa kikamilifu hivyo.

Lakini kusoma herufi si kujua maana. Jeni nyingi zilikuwa kama kamba za jahazi kwa mtu wa bara: aziona zote, hajui hata moja yafanya nini. Nahodha akitaka kumfunza kijana kazi ya demani, hana haja ya hotuba. Aifungue tu, kijana aone tanga linavyopepesuka na chombo kinavyopoteza mwendo. Wataalamu wa hamira hufanya vivyo hivyo. Huifuta jeni moja, wakaiacha hamira iishi bila hiyo, kisha wakatazama nini kimeharibika. Je, yakua polepole? Yashindwa na joto? Yashindwa na chumvi? Pale ilipoharibika ndipo penye kazi ya ile jeni.

Na faida yake haiishii kwenye unga. Seli ya hamira na seli ya mwanadamu zafanana kwa mengi ya ndani: namna ya kugawanyika, ya kutengeneza protini, ya kutupa taka. Leland Hartwell wa Marekani alichunguza hamira zenye hitilafu ya kugawanyika, akapata jeni zinazoongoza mgawanyiko huo, na mwaka 2001 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt wa Uingereza. Saratani ni ugonjwa wa seli zinazogawanyika ovyo, kwa hivyo waona uzito wake. Mwaka 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japan naye alipata Nobel kwa kueleza jinsi seli inavyokula na kutumia tena vipande vyake vilivyochakaa. Naye pia alianzia kwenye hamira.

Mmoja kati ya maelfu kwa maelfu

Taabu yenyewe ni hii. Ukitaka kufuta jeni, huwezi kuikamata seli moja moja na kisu. Wachukua mamilioni ya seli, wazipa kipande cha DNA ulichokitengeneza, na wengi wao hawakipokei. Anayekipokea na kukiweka mahali panapotakiwa ni mmoja kati ya maelfu kwa maelfu. Kwa macho wote ni sawa, hata kwa darubini. Sasa utamjuaje?

Hapo ndipo inapohitajika alama, na alama hiyo iwe pia ni ungo wa kupepetea.

Zamani alama iliyotumika sana ilikuwa chakula. Wataalamu walikuwa na hamira zilizolemazwa tangu mwanzo, kwa mfano zisizoweza kujitengenezea urasili, kitu ambacho seli haiwezi kuishi bila hicho. Kile kipande cha DNA wakakiambatanisha na jeni ya kutengeneza urasili, kisha wakazipanda seli zote kwenye chakula kisicho na urasili. Anayeota ndiye aliyepokea. Njia hii ni nzuri na yatumika hadi leo. Kasoro yake ni kwamba ni lazima uanze na hamira iliyolemazwa. Hamira ya mwokaji, au ile inayookotwa kwenye ganda la tunda, haina kilema hicho, kwa hivyo ungo haufanyi kazi. Tena kile kilema chenyewe chaweza kuvuruga majibu: hamira ikikua polepole, hujui ni kwa sababu ya jeni uliyoifuta au ni kwa sababu ya ulemavu wa awali.

Mwaka 1994 watafiti wa chuo kikuu cha Basel, Uswisi, wakiwemo Achim Wach na Peter Philippsen, walitoa njia nyingine. Alama yao ilikuwa usugu wa dawa. Waliiita kanMX.

Kaseti na kiraka

Wataalamu wenyewe huita alama hii kaseti, na sisi tuliokua na redio za kaseti twaelewa kwa nini: wachomoa moja, wachomeka nyingine, redio ni ile ile. Ndani ya kaseti ya kanMX mna vitu vitatu. Katikati kuna jeni iliyotoka kwa bakteria, ambayo humwezesha mwenye nayo kustahimili dawa iitwayo G418. Mbele yake kuna kiwashio, yaani kipande kinachoiambia seli "soma kuanzia hapa". Nyuma yake kuna kizimio, kinachosema "hapa koma".

Kiwashio na kizimio hicho hawakuvichukua kwa hamira. Walivichukua kwa kuvu mwingine, Ashbya gossypii, anayejulikana kwa kuharibu pamba. Sababu yake ni hii. Hamira ina tabia ya kutengeneza DNA yake iliyokatika kwa kutafuta kipande kinachofanana nayo na kukipachika. Lau kaseti ingekuwa na vipande vya hamira mwenyewe, ingevutwa kwenda mahali pake pa asili badala ya mahali ulipoitaka. Vipande vya mgeni vyasomeka na hamira, lakini havifanani vya kutosha kuipoteza njia.

Kaseti hii huhifadhiwa ndani ya plasmidi. Plasmidi ni pete ndogo ya DNA ambayo bakteria huishi nayo na kuizidisha. Ukiwa na pete moja, waiweka ndani ya bakteria wa maabara, wao wanaongezeka, nawe wavuna pete kadiri utakavyo. Maabara moja humpa mwenzake kama vile jirani anavyoazimana na jirani kielelezo cha kofia ya kushona: wadurusu chako, changu warudisha, na kielelezo hakiishi.

Kazi huenda hivi. Mtaalamu haitii pete nzima ndani ya hamira. Huichukua kama kielelezo tu, akanakili ile kaseti kwa mashine ya PCR, teknolojia ile ile iliyotumika kutupima korona. Wakati wa kunakili huiongezea kaseti mikia miwili, kila mmoja wa herufi 40 hivi. Mkia wa kwanza wafanana na herufi zilizo kabla ya jeni anayotaka kuifuta, na wa pili wafanana na zilizo baada yake. Ni kazi ya kiraka: pindo za kiraka zikilingana na pindo za nguo, kiraka chakaa sawasawa, na kilichokuwa katikati chaondoka.

Kisha seli za hamira hutiwa kwenye chumvi ya lithiamu pamoja na ile DNA, zikapashwa joto la nyuzi 42 kwa muda mfupi ili zifungue mlango. Baada ya hapo hupewa saa chache za kupumzika kwenye chakula kizuri. Saa hizo ni muhimu, kwani seli iliyopokea jeni bado haijaitumia. Yahitaji wakati wa kutengeneza kinga yake. Ndipo zote zinapomwagwa kwenye sahani yenye G418, kwa kawaida mikrogramu 200 kwa kila mililita.

Dawa hiyo huingia ndani ya seli na kukamata vile viwanda vidogo vinavyotengeneza protini. Protini zaharibika, seli yafa. Lakini seli yenye kaseti hutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza dawa kidogo tu, ikawa haina tena mahali pa kushika. Baada ya siku mbili au tatu waona vidoa vyeupe kwenye sahani. Kila kidoa ni ukoo wa seli moja iliyosalimika.

Hata hapo kazi haijaisha. Mwenye sugu kiganjani aweza kuwa mvuta makasia, na aweza kuwa mkata kuni. Pengine kaseti imejipachika pasipo pake. Kwa hivyo hupimwa tena kwa PCR kwenye viungo vyote viwili, kuhakikisha kwamba jeni iliyokusudiwa imeondoka kweli.

Alama moja haitoshi

Ukifuta jeni moja kwa kanMX, seli hiyo imekwisha kuwa sugu kwa G418. Ukitaka kufuta ya pili ndani ya seli hiyo hiyo, ungo ule haufai tena. Na mara nyingi ukweli wajificha kwenye jeni mbili: ukifuta moja, nyingine huziba pengo, huoni kitu. Ni kama nyumba yenye funguo mbili za mlango. Ukipoteza mmoja, waingia kwa wa pili.

Mwaka 1999 Alan Goldstein na John McCusker wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walitoa kaseti tatu mpya, kila moja kwenye plasmidi yake. natMX ni ya dawa ya nosiothrisini, hphMX ni ya haigromaisini, na patMX ni ya bialafosi. Waliacha kiwashio na kizimio kama vya kanMX na kubadilisha jeni ya katikati tu. Kwa hivyo mwenye hamira ya kanMX aliweza kuibadilisha iwe natMX kwa urahisi, na mwenye kutaka kufuta jeni mbili au tatu akawa na alama za kutosha. Jeni ya natMX ilitoka kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces noursei, ambao ndio watengenezaji wa dawa yenyewe. Nyoka hafi kwa sumu yake, na wataalamu waliazima kinga ya nyoka.

Wakati huo huo maabara nyingi za nchi mbalimbali zilikuwa zimeshikana kufanya kazi kubwa zaidi: kufuta kila jeni ya hamira, moja baada ya nyingine, kwa kaseti ya kanMX. Kila hamira iliyofutwa jeni ilitiwa pia vitambulisho vya herufi 20, mfano wa ile mistari myeusi ya bei kwenye bidhaa za supamaketi. Mwaka 2002 walitangaza kwamba wamefikia zaidi ya asilimia 95 ya jeni zilizojulikana. Ikadhihirika kwamba karibu jeni moja kati ya tano haifutiki: ukiiondoa kabisa, hamira yafa. Zilizobaki, hamira yaweza kuishi bila moja yazo ikiwa imeshiba na imetulia.

Mkusanyiko huo sasa ni chombo cha kutafutia dawa. Wazichanganya maelfu ya hamira hizo kwenye chupa moja, watia dawa mpya, kisha wasoma vitambulisho uone ni nani amepungua. Aliyedhoofika kuliko wenzake akuonyesha dawa hiyo yapiga wapi ndani ya seli.

Nasi tuna hisa kwenye elimu hii ya kuhariri hamira. Kenya iliiacha klorokwini kama tiba kuu ya malaria mwaka 1998, kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Mwaka 2004 ikaamua kuhamia kwenye dawa mseto zenye asili ya mmea wa artemisia. Mmea huo hulimwa China, Vietnam na hapa Afrika Mashariki, na bei yake hupanda na kushuka. Mwaka 2006 kundi la Jay Keasling huko California lilitangaza hamira iliyohaririwa inayotengeneza asidi ya artemisini, ambayo hugeuzwa kuwa dawa. Waliitia jeni za ule mmea, wakapunguza nguvu ya jeni moja ya hamira iitwayo ERG9 ili malighafi isielekee kwingine. Huwezi kujua jeni ya kupunguza ikiwa hakuna aliyewahi kuchunguza kazi yake kwa kuifunga na kuifungua.

Sasa swali la mama

Je, usugu huu waweza kututokea puani? Mimi naona hofu hii yapasa kujibiwa kwa maswali matatu, na majibu yake si yote ya kutuliza.

La kwanza: ni dawa gani? G418 na nosiothrisini si dawa za kumtibu mtu. Haigromaisini imetumika kuua minyoo ya kuku na nguruwe. Bialafosi ni dawa ya kuua magugu. Lakini jeni ya kanMX humkinga bakteria pia dhidi ya kanamaisini, na hiyo ilitumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu. Tena ile pete inayohifadhi kaseti huwa na jeni nyingine, ya usugu wa ampisilini, inayotumika kuchuja bakteria wanaoibeba. Ampisilini ni dawa ya hospitali, na amoksilini ya majumbani mwetu ni ndugu yake.

La pili: jeni hiyo inakaa wapi? Ndani ya hamira imeshonwa kwenye kromosomu, na hamira si bakteria. Amoksilini hata haiui kuvu. Kwa hivyo hamira yenye alama si ugonjwa usiotibika. Pahali pa kuangaliwa zaidi ni zile pete ndani ya bakteria, kwani bakteria wana mazoea ya kupeana pete.

La tatu: baada ya kazi inakwenda wapi? Taka za maabara hupikwa kwa mvuke wenye nyuzi 121 chini ya shinikizo kabla ya kutupwa. Alama nayo yaweza kung'olewa: tangu 1996 kuna kaseti yenye vipande viwili kandoni vinavyowezesha kuitoa ikishamaliza kazi. Na Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia tangu 2009, na kanuni za 2012 zinazotaka chakula kilichobadilishwa jeni kiandikwe hivyo kwenye pakiti. Kwa hivyo nimemwambia mama kwamba kaseti hizi ni vyombo vya utafiti, si viungo vya mahamri, na akiwa na shaka asome pakiti. Ya halali na haramu nawaachia masheikh. Mimi nimeeleza kitu ni nini.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na historia ya nosiothrisini yenyewe yatufunza. Katika miaka ya 1980, huko Ujerumani Mashariki, dawa hiyo iliwekwa kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe. Hata miaka haikuwa mingi, bakteria sugu wakaonekana kwa nguruwe, kisha kwa wafanyakazi wa mashamba, kisha kwa familia zao, hatimaye kwa watu wasiokuwa na uhusiano wowote na nguruwe. Hakukuwa na maabara iliyomimina jeni. Ilikuwa ni dawa, iliyomwagwa kila siku kwa wingi, ikiua bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja wale sugu. Ni ule ule ungo wa sahani ya maabara, ila haukuwa na mfuniko, wala daftari, wala wa kuufunga.

Ungo wa namna hiyo twaufanya hata sisi. Tembe mbili za amoksilini kwa mafua, nne kwa jino, zilizobaki zawekwa kabatini kwa mgonjwa mwingine. Kila mara twachuja bakteria walio mwilini mwetu na kuwabakiza wale wenye kinga. Mwanafunzi aliyetia jeni kwenye hamira aandika ni jeni gani, ni sahani ipi, na imechomwa siku gani. Sisi hatuandiki, na hakuna wa kutuuliza.